Chuma, Chumvi na Rangi

Kwetu Kizimkazi chuma hakina maisha marefu. Anayeishi mbali na bahari hawezi kulijua jambo hili kama tulijuavyo sisi. Misumari ya paa, bawaba za madirisha, kufuli la mlango, nanga na ndoana, vyote huliwa polepole na upepo wa chumvi, usiku na mchana, kusi na kaskazi. Lakini msikiti wetu wa Dimbani una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na herufi zake mpaka leo zinasomeka. Jiwe la baharini limezoeana na chumvi. Chuma ni mgeni, na mgeni asipotunzwa huangamia.

Katika makala haya nataka kuzungumza juu ya chuma cha aina moja, nacho ni bunduki, na juu ya vazi lake, yaani mafuta, vanishi na rangi ambazo watu wameipaka ili isiliwe. Huenda msomaji akashangaa kuona mzee aliyemaliza umri wake kufundisha walimu anageukia habari za bunduki. Sababu yangu ni hii. Historia ya bunduki katika visiwa vyetu imeandikwa mara nyingi kwa upande wa waliofyatua na waliopigwa. Iko historia nyengine, ya yule aliyebaki na bunduki nyumbani baada ya mshindo kunyamaza, akajiuliza: nitaitunzaje? Katika swali hilo dogo nimeona mafunzo ambayo sikuyaona katika vitabu vikubwa.

Kwanza tuangalie bunduki zilivyotufikia. Bunduki za zamani za Waomani zilikuwa za mrao. Mpigaji alibeba utambi unaowaka na kuugusisha baruti. Zikafuata za gumegume, na baadaye za fataki. Mkataba wa Septemba 1833 baina ya Seyyid Said bin Sultan na Marekani, uliojadiliwa na mjumbe wao Edmund Roberts, ulizitaja bunduki, baruti na risasi waziwazi: Wamarekani wangeweza kuuza bidhaa zao, lakini katika kisiwa cha Unguja silaha hizo ziuzwe kwa serikali peke yake. Watu hawaandikiani sharti la namna hiyo ila biashara iwe tayari imeshaanza kuwashughulisha. Kufika mwaka 1888 balozi wa Uingereza hapa Unguja, Euan-Smith, aliripoti kuwa bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia kila mwaka. Nyingi hazikukaa kisiwani. Zilivuka kwenda Mrima na bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa.

Halafu ukaja Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao mataifa makubwa yalikusudia kuizuia biashara ya watumwa pamoja na silaha zilizoilinda. Kuanzia digrii 20 kaskazini mwa ikweta mpaka digrii 22 kusini, bunduki za kisasa zenye mifuo ndani ya mtutu zilizuiliwa. Gobori la gumegume, lisilo na mifuo, liliachiwa liuzwe kwa masharti. Kwa hivyo chuma bora kilifungiwa ghalani, na chuma duni kikaruhusiwa kwenda zake. Chuma hicho duni ndicho kilichofika katika nyumba za watu wa kawaida, na ndicho kilichohitaji kutunzwa zaidi.

Mafundi wa Ulaya walikuwa na njia kadhaa za kuuvisha mtutu, na tatu zinatosha kutajwa. Ya kwanza ilikuwa kutouvisha kabisa. Mtutu uling'arishwa mpaka ukawa mweupe kama fedha, na askari akatakiwa ausugue kila mara kwa unga wa tofali. Ya pili ilikuwa ya hila: kuuacha chuma kishike kutu kwa makusudi. Fundi aliupaka maji yenye asidi na chumvi, akaiacha kutu nyepesi itoke, akaisugua, akarudia tena siku baada ya siku, mpaka chuma kikashika rangi ya kahawia iliyokolea. Mwisho akaifunga kwa mafuta au vanishi. Jeshi la Uingereza liliifuata njia hiyo mwanzoni mwa karne ya 19. Ya tatu ilikuwa rangi. Bunduki nyingi za manowari za Kiingereza zilipakwa rangi nyeusi, na mizinga ya chuma ilipakwa mchanganyiko wa mafuta ya kitani yaliyochemshwa, masizi, na unga mwekundu wa madini ya risasi. Askari wa nchi kavu aliweza kujivunia chuma kinachong'aa. Askari wa baharini alijua alijualo mvuvi wa Kizimkazi, kwamba katika hewa ya chumvi kung'aa ni mambo ya siku moja.

Hapa ndipo nchi yetu inapoingia katika hadithi hii, na inaingia kwa mlango wa uani. Vitu vilivyotengeneza mavazi mazuri ya chuma na mbao, baadhi yake vilitoka pwani hii hii. Kikubwa chao kilikuwa sandarusi. Sandarusi ni utomvu wa mti wa msandarusi, na ile iliyopendwa zaidi ilikuwa ya kuchimba, iliyokaa ardhini muda mrefu hata mti wenyewe ukatoweka. Watu wa Mrima, mkabala na Unguja, waliifukua kwa majembe. Ile mbichi iliyokuwa haijakomaa iliitwa chakazi, na wafanyabiashara wa kizungu walishindwa kulitamka neno hilo wakaligeuza kuwa neno lao la punda dume. Meli za mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilichukua sandarusi ya Zanzibar kwa wingi, na huko Salem kulikuwa na kiwanda cha kuiosha. Ikishaoshwa, uso wake ulionekana na vipele vidogo vidogo kama ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa, na kwa alama hiyo wanunuzi walijua kwamba ni ya Zanzibar.

Sandarusi hiyo iliyeyushwa kwa moto mkali sana, ikachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, ikawa vanishi ambayo ugumu wake ulisifiwa kote. Ilipakwa magari ya farasi ya matajiri na samani za nyumba zao, na vanishi za namna hiyo zilitumika hata kwenye vitako vya bunduki. Katika vanishi za kufungia mtutu uliotiwa rangi ya kahawia, mafundi walitia pia utomvu mwekundu ambao Waarabu huuita damu ya ndugu wawili, na kisiwa cha Sokotra ni moja katika makao yake ya kale. Nta ya nyuki nayo ilikuwa bidhaa ya pwani yetu. Kwa hivyo hamali wa forodha ya Unguja aliweza kuteremsha kasha la bunduki asubuhi na kupakia gunia la sandarusi jioni, asijue kwamba bega lake lilibeba ugonjwa na dawa yake siku moja, na kwamba dawa ilikuwa inakwenda ng'ambo na ugonjwa unabaki.

Sisemi haya kwa kulalamika. Nayasema kwa sababu wanafunzi wangu walizoea kudhani kwamba elimu ya kuhifadhi vitu ni ya wageni, na sisi kazi yetu ni kununua kopo la rangi. Vitu hivyo tulikuwa navyo. Tulichokosa ni kuviunganisha.

Chukua mfano wa mafuta. Kwa nini fundi wa Ulaya alitumia mafuta ya kitani, na si ya nazi? Mafuta ya kitani yakipakwa kwa wembamba huvuta oksijeni ya hewani na kugeuka ngozi ngumu. Ndiyo maana yakawa msingi wa rangi na vanishi kwa karne nyingi. Mafuta ya nazi hayakauki hata yakiachwa mwaka mzima. Yanazuia maji kwa muda, lakini hushika vumbi na mchanga, na yakichacha hutoa asidi inayokula chuma kile kile yaliyopakwa kukilinda. Kisha yana tabia nyengine anayoijua kila mama wa Unguja: wakati wa kipupwe, asubuhi yenye baridi, huganda kwenye chupa. Mwenye gobori aliyelisokota mtambo wake kwa mafuta ya nazi aliweza kuamka asubuhi ya Julai akakuta mtambo mzito kama umetiwa uji.

Wavuvi wetu, kwa upande wao, walikuwa na elimu kamili ya kuvisha vyombo. Ubao wa juu wa jahazi hupakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, ambayo harufu yake humtangulia mwenye chombo kufika mjini. Chini, palipo ndani ya maji, hupakwa deheni ya chokaa na shahamu ili wadudu wa baharini wasitoboe. Nyufa hukalafatiwa kwa pamba iliyolowa mafuta. Na mambo haya hayafanywi kiholela. Chombo hupwelewa, hukwanguliwa, huoshwa, hukaushwa juani, ndipo kipakwe. Anayepaka deheni juu ya chombo kibichi huchekwa na watoto.

Nakumbuka kisa cha mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilipokuwa mwalimu kijana na nimekuja nyumbani kwa likizo. Katika kijiji kimoja cha kusini walikuwapo ndugu wawili waliorithi bunduki ya marisao ya marehemu baba yao, aliyekuwa msasi wa nguruwe na ngedere waliokuwa wakiharibu mashamba. Ilikuwa na kibali chake. Mtutu ulikuwa umeshika kutu, na yule mdogo, kwa nia njema, aliipaka rangi ya mashua, kijani, iliyobaki katika kopo. Ikapendeza mno. Watu wakaja kuitazama. Baada ya mwaka rangi ikaanza kufanya malengelenge karibu na mahali pa kutilia risasi, naye akataka kuongeza koti la pili.

Ndugu yake mkubwa aliipeleka kwa fundi wa mashua, mzee wa makamo ya babu zetu. Nilikuwapo.

"Shikamoo, babu. Tunataka rangi igande vizuri zaidi," alisema yule mkubwa.

"Marahaba, mwanangu. Rangi haina kosa," alijibu fundi. "Umeoa bila kuposa. Lete mafuta ya taa."

Akalowesha kitambaa, akaikwangua rangi kwa kisu butu, kisha akausugua mtutu kwa majani ya msasa, yale majani makavu ya mti ambao hata karatasi za dukani zimepewa jina lake. Chini ya kijani kile kizuri kulikuwa na mashimo kama ya uso wa mtu aliyeugua ndui, mengine ya kina cha kutisha. Mzee akapitisha ukucha juu yake, akanyamaza kitambo. Halafu akasema, "Wanangu, hii haipakwi tena, wala haipigwi tena. Rangi ilikuwa inakufichieni kaburi." Ndugu wale waliipeleka bunduki kituo cha polisi, wakaikabidhi. Lau koti la pili lingepakwa na bunduki ikashindiliwa kwa msimu wa mpunga, huenda mtutu ungepasuka mkononi mwa mmoja wao.

Elimu ya leo inaeleza alichokijua mzee yule kwa ukucha wake. Chumvi ya bahari huingia ndani ya kutu na kukaa kwenye vishimo vya chuma. Chumvi huita unyevu, na unyevu ukiingia kutu huendelea hata chini ya rangi. Kutu ni kubwa kuliko chuma kilichozaa kutu hiyo, kwa hivyo huisukuma rangi kutoka ndani mpaka itoke magamba. Ukipaka juu ya chumvi hukuzuia kitu, umejifungia adui ndani ya nyumba na ukapoteza njia ya kumwona.

Mizinga imetufundisha somo hilo hilo kwa kiasi kikubwa zaidi. Ile mizinga ya Kireno iliyojulikana na kila mgeni mbele ya Beit al-Ajaib ni ya shaba iliyochanganywa na bati. Ilitekwa na Waajemi walipouchukua mji wa Hormuz mwaka 1622, na ina maandishi ya mabwana wake wa zamani na wa baadaye. Shaba ya namna hiyo haishiki kutu kama chuma. Hujivika yenyewe ngozi ya kijani, na ngozi hiyo huilinda kwa kiasi kikubwa. Lakini jiulize ilitulinda sisi kwa kiasi gani. Tarehe 27 Agosti 1896 jumba la kifalme lilikuwa na mzinga wa kale wa shaba, bunduki za mashine za Maxim, na mizinga miwili ya zawadi kutoka kwa Mfalme Wilhelm wa Ujerumani. Mbele yake zilisimama manowari za Kiingereza. Mapigano hayakufika saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa jumba waliuawa au kujeruhiwa, na meli ya Sultani, Glasgow, ikazama bandarini. Milingoti yake ilibaki juu ya maji miaka mingi mpaka mabaki yakavunjwa mwaka 1912. Kizazi kizima cha watoto wa Forodhani kilikua kikitazama chuma kikioza mbele ya macho yao.

Miaka 18 baadaye bandari hiyo hiyo iliona zamu ya Waingereza. Alfajiri ya 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Kiingereza imetia nanga Unguja kwa matengenezo, ikaizamisha, na mabaharia zaidi ya 30 wakafa. Mizinga ya Pegasus iliopolewa baharini ikatumika tena nchi kavu. Königsberg yenyewe ilikimbilia Rufiji, ikajificha ndani ya mikoko, na baada ya kushambuliwa iliangamizwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani nao wakaitoa mizinga yake 10 na kupigana nayo bara. Mzinga mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg ilikuja kuwekwa pamoja kwenye Ngome ya Yesu, Mombasa. Maadui wawili wakawa jirani mbele ya upepo mmoja wa chumvi, na adui wao mpya ni kutu.

Namna ya kuhifadhi chuma kilichotoka baharini ni kazi ya subira. Wahifadhi wa makumbusho hawaanzi na rangi. Hukiloweka chuma kwenye maji yenye magadi makali, mara nyengine pamoja na umeme mdogo, miezi na hata miaka, ili chumvi itoke ndani. Kisha huosha, hukausha, na mara nyingi hupaka tanini. Tanini ikikutana na kutu huigeuza kitu cheusi kisichokuwa na hamu ya kula tena. Mwisho hutia nta au rangi. Na tanini ni kitu gani? Ni ile dawa iliyomo ndani ya magome, na magome ya mikoko yana wingi wake. Wavuvi wetu walitia nyavu na matanga rangi kwa magome hayo, na shehena zake zilisafirishwa ng'ambo kwa kazi ya ngozi. Ule msitu wa Rufiji ulioificha Königsberg ulikuwa umejaa dawa ya kutu ya mizinga yake.

Wakati wetu huu mambo ya rangi yamekwenda mbali. Baada ya Vita Kuu ya Pili jeshi la Uingereza lilitia chuma cha bunduki fosfeti, kisha likapaka rangi nyeusi iliyookwa kwa moto. Bunduki za Kalashnikov za miaka ya baadaye zilifanyiwa vivyo hivyo. Marekani leo wako raia wanaozipaka bunduki zao wenyewe katika gereji za nyumbani, kwa rangi za epoksi au zenye kauri ndani yake, na iliyo mashuhuri huitwa Cerakote. Aina yake moja huokwa kwa joto la nyuzi 120 hivi kwa muda wa saa mbili, ikawa ngumu kustahimili jasho, mikwaruzo na maji ya bahari. Lakini ukiitazama kazi yenyewe utaona kwamba sehemu yake kubwa hutangulia rangi: kufungua vyombo kimoja kimoja, kutoa mafuta yote, kupuliza mchanga mkali mpaka chuma kibaki kitupu, kutogusa tena kwa mkono mtupu kwa sababu alama ya kidole ni mafuta na chumvi, ndipo kupuliza rangi kwa wembamba. Mzee wetu wa mashua angeyatambua yote haya, isipokuwa bei. Koti nene la haraka halikuwahi kuishinda kazi nyembamba ya subira, si Salem, si Rufiji, si Kizimkazi.

Katika maisha yangu ya chuo nilipata kuona pia rangi ya bunduki ambayo haina bunduki ndani. Vijana wa gwaride walichonga bunduki za mbao, wakazipaka masizi yaliyochanganywa na gundi, na kwa mbali zilipendeza kuliko za kweli. Hazikushika kutu, wala hazikuwa na historia. Nilikuwa nikiwatazama wanavyopita uwanjani, vijana ambao kesho watasimama mbele ya madarasa, nikajiuliza watawaambia watoto nini juu ya bunduki za kweli zilizopita katika nchi hii.

Maana swali lile liliwahi kuulizwa darasani kwangu, na halikuwa jepesi. Mwanachuo mmoja alitaka kujua afundishe vipi habari za 1964. Mimi wakati ule nilikuwa mtoto. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari ghala za silaha za polisi, Ziwani na Mtoni, zilitekwa na watu ambao wengi wao walikwenda na mapanga, marungu na pinde. Kulipopambazuka bunduki zilikuwa katika mikono mengine, na nchi pia. Wako ambao kwao siku ile ni siku ya kukombolewa. Wako ambao kwao ni siku ya kufiwa. Ziko nyumba ambazo ni yote mawili, na watu wake hula sahani moja. Mwanachuo yule alisema, kwa adabu, kwamba nyumbani kwao hadithi inasimuliwa kwa namna moja na shuleni kwa namna nyengine, na kwamba yeye ataona salama kufundisha ile inayong'aa.

Nilimjibu kwa habari ya ile bunduki ya kijani. Kila upande una kopo lake la rangi. Mmoja hupaka ushujaa mtupu, mwengine hupaka dhulma tupu, na rangi zote mbili hupendeza mwaka wa kwanza. Chini yake imebaki chumvi: biashara ya watumwa ambayo bunduki zile za 1888 ziliilinda, mashamba na nani aliyeyamiliki, hofu ya majirani, na majina ya waliokufa ambayo hayasomwi. Chumvi hiyo haiondoki kwa kufunikwa. Inakaa na kuita unyevu, na kila zinapokaribia siku za uchaguzi wetu tumeyaona malengelenge. Mwalimu hana haki ya kuwakabidhi watoto mtutu uliooza chini ya rangi nzuri, kwa sababu wao ndio watakaoushika siku utakapopasuka.

Aliniuliza tena, "Maalim, na tukikwangua tukakuta mashimo?" Nikamwambia kwamba mashimo yatakuwapo. Tunayakwangua ili tujue yana kina gani, na kipi katika urithi wetu kinaweza kutumika tena na kipi kinatakiwa kukabidhiwa, kisirudi nyumbani. Ndugu wale wawili hawakumpoteza baba yao kwa kuitoa bunduki yake. Walibaki na mashamba yake, jina lake, na vidole vyao kumi kumi.

Nimesema kwamba tanini ikikutana na chuma hutoa kitu cheusi. Sijasema kwamba kitu hicho watu walikijua tangu kale kwa kazi nyengine. Kwa karne nyingi, Uarabuni na Ulaya, wino mweusi ulipikwa kwa tanini ya miti na chumvi ya chuma, na kwa wino huo viliandikwa vitabu na mikataba isiyo na idadi. Dawa inayoutuliza mzinga uliokaa chini ya bahari ni ndugu wa wino wa mwandishi. Basi atakayetaka kuzitunza bunduki za historia yetu asikimbilie kopo. Aanze kwa kukwangua, aoshe chumvi, akaushe juani mbele ya watu wote, kisha aandike.